Ngoma Uliyoagiza Haijaja

Msikilizaji wa Namawala, ulimpa fundi arubuni akuchongee ngoma, na siku ya ahadi imepita. Je, amekudhulumu? Pengine sivyo. Gogo bichi hupasuka likaukapo, kwa hiyo fundi mwema hulingoja. Na ngozi iliyowambwa wakati wa masika hukawia kukauka. Basi nenda kwake, uombe kuonyeshwa gogo lako. Likiwapo, vumilia kidogo. Lisipokuwapo, yaelekea fedha yako imemalizia ngoma ya mtu aliyekutangulia.

Sheria ya Mikataba, iliyoanza Tanganyika mwaka 1961, hukubali hata mapatano ya mdomo, ila kuyathibitisha ni taabu. Andikeni aina ya mti, bei, arubuni na siku ya kuchukua, mbele ya shahidi. Fundi akataaye kuandika, mimi simpi hata senti.

Ikiwa siku ndiyo shina la mapatano, kama ngoma ya arusi, kifungu cha 55 chakuruhusu kuyavunja fundi akichelewa. Lakini angalia sana: akikuletea ngoma baada ya arusi, nawe ukaipokea kimya, huwezi tena kudai fidia ya kuchelewa. Sharti umwambie papo hapo, shahidi akisikia, kwamba waipokea na fidia utaidai.