Kemia ya Kuvumbika: Ndizi, Chai na Usahihi wa Istilahi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi bila kukopa kila istilahi. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mifano miwili kutoka Kisii na Nyamira: ndizi na chai.

Ndizi nyingi zifikazo soko la Daraja Mbili mjini Kisii hukatwa zingali za kijani, kwa kuwa ndizi haihitaji mgomba ili iive. Nyumbani, mkungu huvumbikwa shimoni na kufunikwa majani ya mgomba, pengine kwa kutiwa moshi. Siri ni ethilini, gesi ambayo molekuli yake ina atomu 2 za kaboni na 4 za hidrojeni. Ndizi pevu huitoa. Shimo huizuia isitawanyike. Moshi nao huiongeza. Ndizi moja ikianza, jirani yake huipokea gesi hiyo na kutoa yake. Ndipo wanga, ambao ni takribani asilimia 20 ya nyama ya ndizi isiyoiva, hugeuka sukari. Mwaka 1901 Dmitry Neljubow wa Urusi alionyesha kwamba ethilini huathiri ukuaji wa miche ya njegere. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza akathibitisha kwamba matunda yenyewe huizalisha.

Wahenga, hata hivyo, walikwisha kunena: mvumbika changa hula mbovu. Methali hii hufunzwa kama onyo dhidi ya pupa, lakini pia ni kanuni ya kemia. Tunda changa halijahifadhi wanga wa kutosha wala halijawa tayari kuiitikia gesi ipasavyo. Hivyo husinyaa na kuoza. Zingatia kwamba neno “mbichi” huchanganya hali mbili ambazo methali inazitenganisha: changa na pevu. Mkulima asiyezitofautisha hupoteza mkungu wake.

Mfano wa pili unaonya. Katika viwanda vya chai vya Nyamira, kama Kebirigo na Sanganyi, hatua ya majani kugeuka kutoka kijani hadi hudhurungi huitwa uchachushaji, tafsiri ya neno la Kiingereza. Kumbe hakuna hamira itendayo kazi hapo, kama ilivyo katika busaa. Majani yakisagwa, vimeng'enya vyake hukutana na oksijeni ya hewani. Huo ni uoksidishaji, sawa na parachichi lililokatwa linapobadilika rangi. Waingereza walikosea kuliita jambo hilo, nasi tukalitafsiri kosa lao.

Inadhihirika, basi, kwamba udhaifu hauko katika lugha bali katika njia tunayoifuata. Mwanaistilahi aliyeanza na kamusi ya kigeni alipata uchachushaji. Aliyeanza shambani angepata vumbika, changa na pevu. Kwa wanafunzi wa Kiswahili, hasa watakaoandika vitabu vya shule, shamba nalo ni maktaba.