Kabla Mwalimu Hajatoa Kidonge

Mwishoni mwa mwaka 2014, vituo vya afya vya Adi, kaskazini mwa Ituri, vilianza kupokea wagonjwa waliopinda shingo, macho yamegeukia juu na ulimi umetoka nje. Wengi wao walikuwa watoto. Waganga walishuku homa ya uti wa mgongo. Kufikia Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamepita elfu moja. Maabara ndiyo iliyofichua chanzo: kidonge kidogo cha njano kilichouzwa kwa jina la diazepamu, dawa ya kutuliza. Ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa mazito ya akili. Haloperidoli huzuia kazi ya dopamini kwenye ubongo, na kwa kipimo kikubwa misuli ya uso na shingo hukakamaa.

Habari hiyo inatuhusu sisi wenye watoto shuleni hapa Bunia. Vidonge vingi tunavyonunua huhesabiwa kimoja kimoja, vikafungwa kwenye kipande cha karatasi na kuondoka dukani bila jina wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Baadhi yake huishia mfukoni mwa mtoto, au kwenye droo ya mwalimu, vikingoja siku ambayo mwanafunzi atasema kichwa kinamuuma.

Kidonge hicho mara nyingi ni parasetamoli. Ni dawa nzuri, na tumeizoea kiasi kwamba tunaiona haina madhara. Lakini usalama wake unategemea mambo manne: uzito wa mtoto, saa aliyomeza kidonge cha mwisho, ugonjwa alionao, na mahali dawa ilikotoka. Mama anajua baadhi ya hayo, muuza dawa baadhi, mganga baadhi. Shuleni mwalimu anaweza kujikuta hajui hata moja.

Tuanze na uzito. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 za parasetamoli kwa kila kilo, na ndani ya saa 24 zisizidi 60 kwa kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 hadi 300 kwa mara moja, yaani takriban nusu ya kidonge cha miligramu 500. Sasa tuseme mama amempa kidonge kizima alfajiri, mwalimu akampa kingine saa nne, shangazi akaongeza mchana, na usiku baba akatoa cha mwisho. Kila mmoja ametenda kwa huruma. Mtoto amemeza miligramu 2,000, na mpaka wake ni 1,200.

Ini ndilo linalobeba mzigo huo. Sehemu kubwa ya parasetamoli hubadilishwa na kutolewa kwa mkojo, lakini sehemu ndogo hugeuka sumu. Ini huizima sumu hiyo kwa kutumia akiba yake ya glutathioni. Dawa ikizidi, akiba inakwisha na chembe za ini zinaanza kufa. Mtoto aliyekosa chakula cha kutosha kwa siku nyingi ana akiba ndogo zaidi. Ubaya ni kwamba siku ya kwanza anaweza kuonekana mzima, na dalili za ini kuharibika zikajitokeza siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuizima sumu ipo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane tangu vidonge vimezwe.

Aspirini haifai kabisa kuwekwa kwenye sanduku la dawa la shule. Tangu miaka ya 1980 imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini la mtoto aliyetoka kuugua mafua au tetekuwanga.

Lakini kwa Ituri hatari kubwa zaidi ni homa kushushwa bila kupimwa. Parasetamoli hutuliza joto kwa kuzuia kemikali inayouamuru ubongo kupandisha joto la mwili. Vimelea vya malaria havidhuriki hata kidogo. Vinaendelea kuzaana ndani ya chembe nyekundu za damu, na mzunguko mmoja huchukua takriban saa 48. Mtoto anacheza mchana, wazazi wanapumua, na usiku anaanza kutetemeka na kupoteza fahamu. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza kupima kwanza, na kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya takriban dakika 20. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliowaua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, ulituonyesha pia kwamba ugonjwa huo huanza kama malaria: homa, maumivu ya kichwa, uchovu.

Je, basi shule zikatazwe kutoa dawa? Hapana. Katika wilaya ya Mangochi, Malawi, walimu wa shule 101 za msingi walifundishwa kutambua malaria na kutoa tiba yake, na vifo vya wanafunzi vikapungua. Penye kichocho, kama kando ya maziwa yetu makubwa, dawa ya prazikwanteli hugawiwa shuleni kwa kutumia fito ya kupimia urefu: mtoto husimama kando yake, na alama inayolingana na utosi wake huonyesha idadi ya vidonge. Mwalimu anaweza kuifanya kazi hii akipewa mafunzo na kipimo.

Kwa hiyo kila shule ya Bunia inahitaji vitu vichache: mizani, ruhusa ya mzazi iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka, dawa zilizonunuliwa zikiwa na jina na tarehe, na daftari la kuandika jina la mtoto, uzito, dawa, kiasi na saa. Nakala ya maandishi hayo iende nyumbani siku hiyohiyo. Mwenye homa apelekwe kituo cha afya akapimwe, hata kama joto limeshuka. Gharama yake ni ndogo, na kamati za wazazi zinaweza kuidai katika mkutano wao ujao. Mzazi anayemkabidhi mwalimu mtoto wake ana haki ya kujua alichomezeshwa, kiasi gani, na saa ngapi.