Sutien 34, 75 ao 90: namba tatu, kipimo kimoja. Namna mama anaweza kujipima mwenyewe

Ku soko ya Kadutu mjini Bukavu, sawa vile ku Birere mjini Goma, sutien zinauzwa kwa macho. Muuzaji anaangalia kifua cha mteja, anavuta moja ndani ya fungu, na mama analipa bila kuijaribu juu hakuna mahali pa kubadilishia nguo. Akifika nyumbani anakuta inamkaza mbavuni, ao mikanda inaanguka mabegani. Kuirudisha ni vigumu, na pesa ya chakula cha watoto imekwisha kupotea.

Tatizo la kwanza ni namba. Nguo za balo, zile watu wanaita chaguwa, zinatoka Ulaya, Marekani na Asia. Nyingi za mpya zinatoka China. Kila upande uko na namba zake. Ufaransa na Ubelgiji wanaandika 90. Ujerumani na China wanaandika 75. Uingereza na Marekani wanaandika 34. Mama anafikiri 90 ni kubwa kuliko 75, kumbe zote tatu ni kipimo kimoja. Kwa kukumbuka: ondoa 15 ku namba ya Ufaransa, unapata ile ya Ujerumani. Kwa hiyo 85 ya Ufaransa ni 70 ao 32. 95 ni 80 ao 36. 100 ni 85 ao 38.

Vipimo viwili tu

Kujipima kunaomba metre ya mshonaji. Asiye nayo achukue kamba, kisha ailinganishe na metre ya fundi wa mtaa.

Kipimo cha kwanza kinapita chini ya matiti. Metre ikaze kidogo na ikae sawa mbele na mgongoni. Ukipata kati ya sentimetre 73 na 77, namba yako ni 75. Kati ya 78 na 82, ni 80. Kati ya 83 na 87, ni 85.

Kipimo cha pili kinapita ku ncha ya matiti, bila kukaza. Ondoa kipimo cha kwanza ndani ya cha pili: tofauti ndiyo inaleta herufi ya kikombe. Sentimetre 12 mpaka 14 ni A, 14 mpaka 16 ni B, 16 mpaka 18 ni C, 18 mpaka 20 ni D. Mfano: mama anapata 76 chini na 93 juu. Tofauti ni 17. Anapashwa kutafuta 75C, ndiyo 90C ya Ufaransa ao 34C ya Uingereza.

Herufi peke yake haitoshi. Kikombe C cha 75 ni kidogo kuliko C cha 85. Akikosa 75C, mama anaweza kujaribu 80B: kikombe kinabeba sawasawa, lakini mkanda utalegea kidogo.

Alama za kuangalia

Mkanda wa chini ndio unabeba uzito, si ile ya mabegani. Ukipanda mgongoni, ni mkubwa. Titi likimwagika juu, kikombe ni kidogo. Kikombe kikikunjamana, ni kikubwa. Waya ukae ku mbavu, usikanyage titi. Sutien mpya ifungwe ku ndoano ya mwisho, ile inayolegea zaidi, juu lastiki itaendelea kuvutika. Kwa ile ya chaguwa, vuta lastiki mbele ya kulipa: isiporudi, iache.

Kwa mama anayenyonyesha, jambo hili linagusa afya. Sutien inayokaza inaweza kuziba njia za maziwa. Titi linavimba na kuuma. Likiwa jekundu na homa ikipanda, aende ku kituo cha afya bila kukawia, na asiache kunyonyesha. Mwili unabadilika wakati wa mimba na kisha kuzaa, kwa hiyo kipimo cha zamani hakifai tena. Msichana anayeanza kukua naye apimwe mara kwa mara, na sutien isiyo na waya inamtosha.

Na chupi?

Chupi inapimwa ku makalio, pale yanapopanuka zaidi. Hapa pia namba zinachanganya: 40 ya Ufaransa ni 38 ya Ujerumani na 12 ya Uingereza. Chupi ya nailoni inayobana inashika jasho, ngozi inachubuka, na uyoga unaoleta muwasho unapata nafasi. Pamba ni bora.

Inchi zingine zimekataza kuingiza chupi za mitumba, sawa Ghana tangu 1994 na Zimbabwe mwaka 2011. Huku kwetu zinaendelea kuuzwa, na si kila mama anaweza kununua mpya. Anayenunua azifue kwa sabuni na maji ya moto, azianike ku jua, kisha azipige pasi. Wengi wanaficha nguo za ndani chumbani kwa sababu ya haya, lakini chupi inayokaukia ndani ya unyevu inarudi mwilini na uchafu wake. Mwenye haya anaweza kuifunika kitambaa chepesi, jua litapita.

Mbele ya kwenda soko, andika ku karatasi namba zako mbili za kifua na ile ya makalio. Muuzaji akikuambia hii itakutosha, soma namba kwanza, kisha toa pesa.