Daktari Wako wa Macho Alisoma Lini Mara ya Mwisho?

Bibi alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, mjukuu wake amesimama pembeni. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa, mboni imegeuka nyeupe, na la kushoto lilikuwa linaelekea hukohuko. Nilikuwa nimeshamweleza upasuaji utakavyokuwa na nikawa najaza fomu. Mjukuu akaanza kusoma kwa sauti cheti kilichotundikwa ukutani. Alipofika kwenye mwaka, bibi akamnyamazisha.

"Mwaka huo huyu mtoto alikuwa hajazaliwa," akaniambia. "Mwanangu, tangu hapo umesoma tena?"

Wagonjwa wameniuliza kama sindano inauma, kama watalala wodini, na kama ni kweli jicho hutolewa nje likasafishwa na kurudishwa. Wengi huamini hivyo. Si kweli, jicho halitoki mahali pake hata kidogo. Lakini swali la bibi sikuwa nimewahi kuulizwa. Nilimjibu, akaridhika, tukampasua wiki iliyofuata. Tangu siku hiyo natamani kila mgonjwa aliulize, kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi wenyewe katika fani hatujalimaliza: daktari kutambuliwa ni kitu kimoja, na daktari kuendelea kujua ni kitu kingine.

Kutambuliwa kuna ngazi zake. Tanzania Bara, hakuna anayefanya kazi ya udaktari kihalali bila kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, mojawapo ya sehemu chache ambazo jina Tanganyika bado linatumika katika shughuli za kila siku. Zanzibar ina baraza lake. Kijana husoma shahada ya udaktari miaka mitano, hufanya mwaka mmoja wa utarajali, kisha husajiliwa. Anayetaka macho hurudi darasani na chumba cha upasuaji kwa miaka mingine mitatu au minne, Muhimbili, KCMC pale Moshi, Nairobi au Mbarara, ndipo huitwa daktari bingwa wa macho. Anayejikita zaidi katika sehemu moja, tuseme retina au macho ya watoto, huongeza tena muda, mara nyingi India, na huku kwetu humwita bobezi.

Si kila anayekupima macho amepita njia hiyo, wala si lazima awe amepita. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona na kuandika miwani. Wapo madaktari wasaidizi na matabibu waliosomea macho, na baadhi yao, Tanzania na Kenya, walifundishwa mahsusi kuondoa mtoto wa jicho. Katika wilaya nyingi ndio pekee waliopo, na wamerudishia watu wengi nuru. Kila mmoja ana mipaka ya kazi yake, na ni haki ya mgonjwa kujua yuko mbele ya nani.

Wanaonitia hofu ni wasiotambuliwa na yeyote. Duka la dawa linatoa matone yenye steroidi kwa kila jicho jekundu linaloingia mlangoni. Matone hayo hutuliza jicho kwa siku moja au mbili, mgonjwa anafurahi, anayanunua tena na tena. Baada ya miezi, presha ya jicho imepanda bila maumivu yoyote na mshipa wa fahamu wa jicho umeanza kufa. Au kidonda kidogo kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kimegeuka kuwa shimo. Baadhi ya wagonjwa hawa huja kwetu wakiwa wamechelewa mno.

Hali kama hii ndiyo iliyowafanya madaktari wa macho wa Marekani kuwa wa kwanza kati ya mabingwa wote wa nchi hiyo kuunda bodi ya kuthibitishana. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu aliyepitia kozi ya wiki chache tu aliweza kujitangaza kuwa mtaalamu wa macho, na mgonjwa hakuwa na njia ya kumtofautisha na aliyesota miaka. Mwaka 1916 bodi hiyo ikaundwa, na Desemba ya mwaka huohuo mtihani wa kwanza ukafanyika Memphis, Tennessee. Fani nyingine za tiba zikafuata baadaye. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka sabini aliyefaulu alipewa cheti cha maisha. Ni mwaka 1992 ndipo bodi ilipoanza kutoa vyeti vyenye kikomo cha miaka kumi. Yaani waliokuwa mbele ya wenzao wote walihitaji miongo saba kulifikia swali la bibi.

Kwetu Afrika Mashariki, hatua kubwa ni ya mwaka 2012, pale chama cha madaktari wa macho wa ukanda huu na chuo chao cha mabingwa vilipoungana na kuzaa COECSA, chuo cha madaktari wa macho cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao Nairobi. Chuo hiki hakina majengo ya kulaza wanafunzi. Kazi yake ni kupanga mtaala na kutahini, na kuwakutanisha madaktari katika kongamano la kila mwaka linalozunguka nchi hadi nchi. Faida yake ni kwamba bingwa aliyefaulu mtihani wake akitoka Kampala kwenda Mwanza, wenzake wanajua amepimwa kwa kipimo gani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, nayo inazitaka nchi wanachama zitambuliane sifa za kitaaluma. Bado makaratasi ni mengi mpakani, lakini njia imefunguliwa.

Sasa tuje kwenye "umesoma tena?"

Daktari wa macho aliyehitimu mwaka 1980 alifundishwa kutoa lenzi yote iliyochafuka na kumpa mgonjwa miwani ya vioo vinene mno. Huo ndio ulikuwa ujuzi sahihi wa wakati ule. Miwani ikivunjika au ikipotea shambani, mgonjwa alirudi gizani. Lenzi bandia ya kuwekwa ndani ya jicho ilikuwa imeshabuniwa na Harold Ridley London mwaka 1949, ila bei yake haikukamatika kwa hospitali zetu. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, kilichoanzishwa chini ya hospitali ya Aravind huko Madurai, India, kikaanza kutengeneza lenzi za bei nafuu. Ghafla jambo lililokuwa la matajiri likawezekana wilayani. Lakini lenzi haijiingizi yenyewe. Mabingwa waliokuwa na vyeti halali, wengine walimu wa walimu, ilibidi wakae tena kwenye darubini kama wanafunzi na kujifunza kuacha kifuko cha lenzi kikiwa kizima ili lenzi mpya ipate pa kukaa. Waliokubali kuanza upya walibadili maisha ya watu. Aliyebaki na njia ya zamani hakuvunja sheria yoyote, na cheti chake kilikuwa halali kama cha mwenzake. Aliyelipa ni mgonjwa.

Mfano mwingine uko mbele yetu hivi leo. Hospitali zetu zimejifunza kuwaokoa watoto njiti, na hilo ni jambo la kushukuru sana. Ila mishipa ya damu ya retina hukomaa katika wiki za mwisho za ujauzito, na mtoto anayezaliwa mapema, hasa akipewa oksijeni isiyopimwa vizuri, anaweza kuotesha mishipa mibaya inayoivuta retina mpaka inabanduka. Anakuwa kipofu kabla ya kutimiza mwaka. Ugonjwa huu ulielezwa Boston tangu mwaka 1942, lakini madaktari wengi wa hapa waliosoma miaka ishirini iliyopita hawakuwahi kuuona wodini, kwa sababu njiti wadogo kiasi hicho hawakuwa wakiishi. Leo wanaishi. Mtoto hupimwa akiwa na umri wa takriban wiki nne hadi sita, na ikionekana anahitaji leza, haipaswi kungojea zaidi ya siku mbili tatu. Daktari asiyejua hili hatakosea kwa uzembe. Atakosea kwa kutojua, na mtoto hatakuwa na nafasi ya pili.

Na tusidhani kwamba elimu mpya sharti itoke ng'ambo. Kwa miaka, mgonjwa wa glaukoma, ile watu wanayoiita presha ya macho, tulimwandikia matone ya timololi kila siku, maisha yake yote. Chupa ikiisha na nauli haipo, jicho linaendelea kufa. Watafiti wa KCMC wakalinganisha matone hayo na aina ya leza inayofanywa kwa dakika chache, kwa wagonjwa wa Kilimanjaro wenye ugonjwa uliokwisha kwenda mbali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja, leza ilifanikiwa katika asilimia 61 ya macho, matone katika asilimia 31. Ulimwengu ulijifunza kutoka Moshi. Najiuliza ni wangapi kati yetu, tulio karibu na Moshi kuliko wengine wote, tumebadili tunavyowaandikia wagonjwa wetu.

Mabaraza hayakulala. Kenya, kwa mfano, humtaka daktari akusanye alama 50 za mafunzo endelevu kila mwaka ndipo leseni ihuishwe. Nauunga mkono utaratibu huo kwa dhati. Shida ni namna alama zinavyopatikana. Nimekaa kwenye semina hotelini ambako daftari la mahudhurio lilisainiwa asubuhi, mhadhiri akasoma slaidi mpaka saa saba, tukala, tukapewa vyeti. Sikumbuki lolote lililobadilisha mkono wangu siku hiyo, na alama zilihesabiwa kamili.

Linganisha na jaribio moja lililowahusisha madaktari 50 waliokuwa bado masomoni, kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Nusu walipelekwa Cape Town kwa wiki moja, wakafanya upasuaji wa mtoto wa jicho kwenye macho bandia, tena na tena, wakirekodiwa na kusahihishwa. Nusu nyingine waliendelea na mafunzo ya kawaida, wakapata kozi hiyo baadaye. Katika mwaka uliofuata, waliotangulia Cape Town walifanya kwa wastani zaidi ya upasuaji 20 kila mmoja, wenzao kama 8. Na kifuko cha lenzi, ambacho kupasuka kwake ndiyo ajali tunayoiogopa zaidi mezani, kilipasuka kwa takriban robo ya wagonjwa wa kundi la kawaida, na kwa chini ya mmoja kati ya kumi kwa kundi lililofanya mazoezi. Wiki moja tu! Kosa lilifanyika kwenye plastiki badala ya kwenye jicho la bibi wa mtu.

Daktari aliye peke yake mkoani ana kikwazo kingine: akiondoka wiki nzima kwenda kusoma, kliniki inafungwa na wagonjwa waliotembea kilomita nyingi wanakuta mlango umekomewa. Kwa huyu, semina ya mjini ni adhabu. Yapo mambo yanayomfikia alipo, kama jarida la Community Eye Health, linalotolewa London tangu mwaka 1988 na kusomwa bure, au makundi ya WhatsApp ambako picha ya retina ikitumwa saa nne asubuhi bobezi hujibu kabla ya mchana. Huko ndiko mafunzo mengi ya kweli yanapofanyika sasa, na hayana alama hata moja. Yangestahili kuwa nayo, alimradi jina na sura ya mgonjwa vifichwe.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji nauli. Shirika la Afya Duniani lilishaweka wazi: kati ya macho yaliyopasuliwa mtoto wa jicho, angalau 80 katika kila 100 yaone vizuri baadaye, na yanayobaki na uoni mbaya yasifike 5. Mwaka 2021 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha kiwango cha wanaofikiwa na huduma hii kwa pointi 30 za asilimia ifikapo 2030, na kinachohesabiwa ni mgonjwa aliyepasuliwa na kweli akaona. Aliyepasuliwa tu hahesabiwi. Kila daktari anaweza kuweka daftari, akaandika kila jicho alilopasua lilisoma mstari gani kwenye chati kabla, na mstari gani wiki kadhaa baadaye. Nilipoanza kufanya hivyo niliona aibu kwa miezi ya mwanzo. Namba zilinionyesha kosa nililokuwa nalirudia kwenye kipimo cha nguvu ya lenzi, nikalirekebisha. Hakuna semina iliyowahi kunifundisha kiasi hicho.

Kwa hiyo nayaomba mabaraza yetu, ya Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda, mambo mawili. Nusu ya alama zinazohuisha leseni ya bingwa wa macho zitokane na matokeo ya wagonjwa wake mwenyewe, yaliyokaguliwa na mwenzake. Na orodha ya waliosajiliwa iwekwe mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu ataona jina la daktari, fani yake, na mwaka aliohuisha leseni.

Na wewe msomaji, ukiandikiwa upasuaji wa jicho, wako au wa mzazi wako, muulize daktari ameshafanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi mwaka huu, na wangapi kati ya aliowapasua wanaona vizuri. Uliza kwa adabu, lakini uliza kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.