Ameshiba, Lakini Mifupa Inalainika

Mijusi walio wengi hula wadudu, na wafugaji wengi huishia kujua hilo tu. Kinyonga wa pembe tatu, mzaliwa wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, hufugwa sana Marekani na Ulaya. Anayemnunua hubeba na kopo la nyenje, na akimwona anakula, roho yake hutulia. Baada ya miezi kadhaa taya linalegea, miguu inapinda, ulimi haufyatuki tena. Chakula kilikuwapo, kilichokosekana ni kalsiamu.

Porini kinyonga huyu hudaka nzi, panzi, nondo, buibui, hata konokono. Mdudu wa porini huwa ameshiba chakula chake, na vilivyomo tumboni mwake huliwa pamoja naye. Nyenje wa dukani huenda alishinda siku kadhaa bila chakula cha maana. Tena, mwilini mwake fosforasi ni nyingi kuliko kalsiamu, nayo ikizidi huzuia utumbo kufyonza hata hiyo kalsiamu kidogo. Damu haiwezi kukaa bila kalsiamu, hivyo mwili huichota mifupani.

Kwa hiyo mlishe kwanza nyenje. Mpe karoti na sukuma wiki siku moja au mbili, kisha mnyunyizie unga wa kalsiamu kabla ya kumpa kinyonga. Hata hivyo unga huo hautasaidia sana pasipo vitamini D, ambayo ngozi ya kinyonga huitengeneza kwa mionzi ya urujuanimno ya aina ya UVB. Kumweka dirishani ni kujidanganya: kioo cha kawaida huzuia karibu mionzi hiyo yote. Anahitaji jua lenyewe au taa maalumu. Maji nayo hayatambui yakiwa bakulini. Hunywa matone yaliyo juu ya majani.

Si kila mjusi hulishwa hivyo. Kenge wa mtoni hula kaa, samaki, mizoga na mayai ya mamba. Iguana wa kijani wa Amerika ya Kati na Kusini hula majani, na inauma kuona watu wakimpa chakula cha mbwa eti kwa sababu anakifurahia, kwani protini nyingi humharibia figo. Wafugaji wa Marekani nao wajihadhari na vimulimuli wa huko: wachache tu wanaweza kumuua mjusi mwenye ndevu wa Australia, kwa sumu inayoshambulia moyo.

Mlo wa kinyonga huweza kudhuru viumbe wengine pia. Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu waliofikishwa Hawaii kwa biashara waliachiwa bustanini kisiwani Oahu, wakazaana. Baadaye watafiti waliwapasua baadhi yao na kukuta tumboni konokono wa asili ya visiwa hivyo, wakiwamo wa jamii zilizo hatarini kutoweka. Aliyechoka kumlisha kinyonga wake asimwachie msituni; amtafutie mfugaji mwingine.