Puto la Kasulu Litaangukia Wapi?

Haya wajukuu, sogeeni. Mmeniuliza kama mtu anaweza kurusha puto lenye kamera kutoka hapa Kasulu, likapanda hadi kule ambako anga huwa jeusi mchana kweupe. Anaweza. Kulirusha si kazi kubwa. Kazi ni kujua litaangukia wapi, na swali hilo lina hadithi yake, tena sehemu yake nzuri ilitokea huku huku kwetu.

Puto hilo ni mpira mwembamba unaojazwa hidrojeni au heliamu, gesi nyepesi kuliko hewa. Chini yake hufungwa mwavuli, na chini ya mwavuli kiboksi cha lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni mpya. Ndani mna kamera, betri, vihisi vya joto na presha, na redio ndogo inayotaja mahali lilipo. Likiachiwa hupanda kama mita 5 kila sekunde. Kadiri linavyopanda, hewa ya nje inazidi kuwa hafifu, nayo gesi ya ndani inatanuka. Puto lililoondoka chini likiwa na upana wa mita 2 hufika mita 8 hivi kwenye kilomita 30 juu, ambako presha ni takriban sehemu moja ya mia ya ile ya pwani. Hapo mpira unashindwa, unapasuka, na mwavuli unashusha boksi. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walifanya hivyo kwa vifaa vya dola 150 hivi, wakarudi na picha za mviringo wa dunia.

Sasa msikilizeni huyu. Julai 31, 1901, mtaalamu wa hewa Arthur Berson na mwenzake Reinhard Süring walipanda wao wenyewe kwa puto kubwa kutoka Berlin, wakafika mita 10,800. Wote wawili walizimia kwa kukosa hewa, wakaponea chupuchupu. Miaka hiyohiyo Richard Assmann, bosi wake Berson, alikuwa ameanza kurusha maputo ya mpira yanayobeba vyombo bila mtu. Mwaka 1908 Berson akaja nayo Afrika Mashariki, akayarusha juu ya Ziwa Viktoria. Redio ya kubebwa na puto haikuwepo. Badala yake, kijisindano cha chombo kilichora vipimo kwa mistari juu ya masizi, na boksi lisipookotwa, kazi yote imepotea.

Maboksi yaliyookotwa yalileta mambo mawili ya ajabu. La kwanza ni baridi. Juu ya nchi hizi za joto, hewa iliendelea kupoa mpaka ikapita nyuzi 80 chini ya sifuri, baridi kali kuliko waliyozoea kuipima juu ya Ulaya. Hewa yetu yenye joto hupanda juu sana, na kila inapopanda inapoa. Ndiyo maana betri ya kawaida hufa huko. La pili ni upepo: huko juu ulikuwa ukivuma kutoka magharibi.

Hapo wataalamu wakashika vichwa. Mlima Krakatoa wa Indonesia ulipolipuka Agosti 1883, vumbi lake lilizunguka dunia kwa kama wiki mbili, likisukumwa na upepo kutoka mashariki. Nani mkweli, vumbi au puto? Kwa miaka 50 walidhani pepo hizo mbili zinaishi pamoja huko juu, kila moja na njia yake. Ilipofika 1960 na 1961, Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza, kwa kupanga vipimo vya maputo vya miaka mingi, wakaonyesha kwamba upepo wa juu ya ikweta hugeuka. Unavuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua wastani wa miezi 28. Krakatoa na Berson wote walisema kweli, kila mmoja kwa msimu wake. Mimi naona hakuna jambo zuri kuliko hili katika elimu yote ya hewa.

Kwa hiyo mtoto wa Kasulu hawezi kutumia hesabu ya mwaka jana. Kiangazi, upepo wa chini hutoka kusini-mashariki, unaweza kulipeleka puto Burundi au hata juu ya Ziwa Tanganyika. Wa juu kabisa unaweza kulirudisha, au kuzidi kulisukuma hukohuko. Tazameni utabiri wa pepo za kila kimo siku ileile. Chagueni kipokezi cha setilaiti kinachofanya kazi zaidi ya kilomita 18, kwa kuwa vingi hujizima hapo, visije vikatumika kwenye makombora. Ombeni kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na cha Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa ajili ya redio. Hidrojeni huwaka, basi tafuteni heliamu. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa ipo nyingi chini ya bonde la Rukwa, kusini kwetu.

Na juu ya boksi andikeni kwa Kiswahili na Kirundi kwamba si kitu cha hatari, ni cha wanafunzi, pamoja na namba ya simu ya mwalimu wenu. Andikeni kwa wino usiofutika na mvua.