Mwelekeo wa Usumaku katika Miamba na Tatizo la Tafsiri Yake
Mwaka 1954, John W. Graham alipendekeza kwamba mpangilio wa chembe za mwamba ubainiwe kwa kupima urahisi wa mwamba huo kusumakishwa katika pande mbalimbali. Kipimo chenyewe ni chepesi: kipande cha silinda hugeuzwageuzwa katika uga hafifu wa sumaku, na matokeo huwakilishwa kwa duaradufu yenye mihimili mitatu. Ugumu umo katika tafsiri. Kwa kawaida mhimili mrefu hufuata urefu wa chembe, hivyo huweza kudokeza mkondo wa magma. Hata hivyo, chembe ndogo mno za magnetiti, zenye eneo moja tu la usumaku, husumakishwa kwa urahisi zaidi kukingama na urefu wake. Hapo, mhimili mrefu ukisomwa kwa mazoea, mkondo hukosewa kwa nyuzi 90, na kipimo hakionyeshi kasoro yoyote.